Michoro ya Igeleke imefifia, je kompyuta inaweza kutusaidia kuiona? Jibu kwa mwalimu wa Iringa

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Kamwene mtaalamu. Nafundisha historia na sanaa sekondari hapa Iringa. Niliwapeleka wanafunzi Igeleke kuangalia michoro ya kwenye mwamba, wengi wakasema hawaoni kitu zaidi ya madoa mekundu. Nimesikia kuna programu za kompyuta zinazofufua michoro iliyofifia. Tuna simu janja na laptopu moja ya shule, tunaweza kufanya wenyewe? Na je akili mnemba inaweza kutuchorea zile sehemu zilizopotea ili tuziweke kwenye maonyesho ya shule?"

Kamwene sana mwalimu. Swali la kwanza jibu ni ndiyo, tena kwa vifaa hivyohivyo mlivyo navyo. La pili jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini maana hapo ndipo naona watu wengi wanaharibu kazi nzuri kwa nia njema kabisa.

Kwanza wanafunzi wako hawajakosea. Ile rangi nyekundu ni madini ya chuma, udongo mwekundu uliosagwa, imekaa juu ya granaiti miaka mingi sana, jua, mvua, vumbi, ukungu wa mwamba, mikono ya watu, vyote vimepita hapo. Jicho la binadamu linaona kwanza mwanga na kivuli cha jiwe, hiyo tofauti ndogo ya wekundu linairuka. Zamani watu walikuwa wanamwagia maji ili michoro ing'ae kidogo wapige picha, na mpaka leo kuna wageni wanajaribu hivyo, tafadhali sana mwalimu usiruhusu hata mara moja, maji yanaondoka na rangi na yanaacha chumvi juu ya jiwe, unaona vizuri leo halafu wajukuu wako wanakuta jiwe tupu.

Njia nyingine ya zamani ilikuwa kunakili kwa mkono. Mary Leakey, mtaalamu wa akiolojia, mwaka 1951 alikaa Kondoa miezi mitatu yeye na wenzake wakinakili michoro kwenye karatasi zinazopitisha mwanga, kitabu chake kikatoka 1983. Ile kazi naiheshimu mno, lakini ukinakili kwa mkono unanakili kile jicho lako limekiona na kile akili yako imeamua kwamba ni mstari, kwahiyo kilichofifia kupita uwezo wa jicho kinabaki nje.

Hapo ndio kompyuta inaingia. Programu inayotumika zaidi duniani kwa michoro ya miamba inaitwa DStretch, aliiandika Mmarekani mmoja mwanahisabati, Jon Harman, kuanzia 2005, inafanya kazi ndani ya programu nyingine ya bure inaitwa ImageJ iliyotoka taasisi ya afya ya Marekani ambako ilitengenezwa kwa ajili ya picha za hadubini. Hesabu yenyewe haikubuniwa kwa michoro, ilianza kwa watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliokuwa wanachambua picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani ili watofautishe aina za miamba. Hili napenda kuwaambia wanafunzi wa sayansi wanaodhani sanaa haiwahusu, na wale wa sanaa wanaokimbia hesabu.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila pikseli ya picha ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Kwenye picha ya mwamba hizo namba tatu karibu kila mahali zinapanda pamoja na kushuka pamoja, penye mwanga zote kubwa, penye kivuli zote ndogo. Ni kama kwaya ambayo wote wanaimba noti moja kwa nguvu, yule mmoja aliyepishana kidogo humsikii mpaka wale wengine wapunguzwe sauti. Programu inapima hizo namba zinavyofuatana, inazigeuza zisimame kwenye mihimili mipya ambayo haifuatani, inavuta ile mihimili yenye tofauti ndogo mpaka ilingane na mikubwa, halafu inazirudisha kuwa picha. Matokeo yake jiwe linaweza kugeuka la kijani au la bluu na ule wekundu hafifu unaruka kuwa mwekundu mkali au zambarau, na unashangaa kuona miguu ya mnyama mahali ambapo ulikuwa unaona doa. Ndani yake kuna vitufe vyenye herufi tatutatu, kila kimoja kimepangwa kwa rangi fulani, kwa nyekundu hafifu anza na YRD, LRE na CRE, kwa njano YYE, kwa nyeusi YBK. Jaribuni vyote, kila ukuta una tabia yake.

ImageJ ni bure kabisa, DStretch unamwomba mwandishi wake na anaomba mchango. Kama shule haina huo mchango kwa sasa msikwame, chukueni GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure, mgawe picha katika chaneli za LAB, yaani mwanga peke yake na rangi peke yake, mchukue ile chaneli ya A inayobeba nyekundu na kijani mkaivute mwanga wake mpaka tofauti ionekane. Haifikii DStretch lakini inafika mbali, na mwanafunzi akiifanya kwa mkono wake anaelewa kinachotokea kuliko kubonyeza kitufe.

Sasa upigaji picha, hapa nitakaa kidogo kwasababu asilimia kubwa ya matokeo mabaya inatokea kabla hata laptopu haijawashwa.

Hii kazi yote inategemea tofauti ndogo sana za rangi, na picha ya JPEG, ile aina ya kawaida ya simu, kitu cha kwanza inachotupa ili faili liwe dogo ni hizohizo taarifa za rangi, inabakiza mwanga maana inajua jicho halitagundua. Ukija kuivuta kwenye DStretch unaona viboksi viboksi vya pikseli nane kwa nane vimejaa ukuta mzima, hiyo sio michoro, ni kazi ya mgandamizo. Kwahiyo kama simu yenu ina sehemu ya Pro na inaruhusu kupiga RAW, yaani picha isiyobanwa wala kurekebishwa na simu, pigeni RAW. Kama haina, wekeni ubora wa juu kabisa, na zimeni kila kitu kinachojifanya kupendezesha picha, HDR (simu kuchanganya picha kadhaa kusawazisha mwanga), kulainisha ngozi, kukoleza rangi, simu za siku hizi zinaongeza vitu zenyewe kwenye picha bila kukuuliza. Na msitumiane kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itabanwa tena, tumaneni kama dokumenti au hamisheni kwa waya. Nimeletewa picha nyingi ambazo zilikuwa nzuri kule mwambani zikafika kwangu hazifai kwa ajili ya hilo tu.

Mwanga, nendeni wakati ukuta wote uko kivulini au siku ya mawingu, ambayo Iringa hazikosekani. Nusu jua nusu kivuli ndio adui mkubwa, hesabu ya programu inaharibika yote. Flashi ya kamera msitumie, inachoma katikati na kuacha pembeni giza. Simameni mnatazamana na ukuta moja kwa moja, sio kwa kuinamisha simu, na kila eneo mpige picha moja ikiwa na rula ya sentimita pembeni, karibu na ukuta ila isiuguse, na kadi ya rangi kama mnayo, halafu nyingine bila rula. Bila rula kesho mtabishana kama yule mnyama ana urefu wa kiganja au wa mkono mzima. Hakuna kuchora kwa chaki kuzunguka michoro, hakuna kuegemea, hakuna kufuta vumbi.

Kwa wanafunzi ningeanza na zoezi mahali ambapo hakuna cha kuharibu, wapelekeni jiwe la Gangilonga, wote wanalijua na liko palepale mjini, wajifunze kushika simu bila kutetemeka na kupiga kwa mpangilio, halafu ndio muende Igeleke.

Mkirudi, hatua ya kwanza kabla ya kuchezea chochote nakilini picha zote kwenye folda mbili, moja iitwe ghafi na hiyo haiguswi milele, wekeni na nakala kwenye flashi ya USB au diski nyingine ya nje. Zilizochakatwa ziende folda yake na jina la faili lieleze ilichofanyiwa, mfano ukuta namba fulani, YRD, kiwango fulani. Hili linaonekana dogo lakini ndilo linalotofautisha utafiti na picha ya kupendeza. Mtu mwingine akichukua picha yenu ghafi akafuata maelezo yenu lazima apate kilekile.

Kuna hatari moja ambayo watu wengi hawaambiwi mwalimu na naomba uisome mara mbili. Nimesema rangi ni madini ya chuma, sasa na mwamba wenyewe una chuma. Maji yakipita kwenye ufa wa granaiti yanaacha michirizi myekundu ya asili, na DStretch haijui tofauti kati ya wekundu aliopaka mtu na wekundu ulioletwa na maji, yenyewe inaona nyekundu inaivuta. Mwanafunzi mwenye hamu ataona twiga kila mahali. Kwahiyo umbo likitokea kwenye kompyuta kazi bado haijaisha, mnarudi mwambani na picha iliyochapishwa mkononi, mnalitafuta kwa macho pale pale, mnaangalia kama kingo zake zinafuata ufa au zinaukata, kama zinaonyesha mkono uliosukuma rangi au maji yaliyoteremka. Kama huwezi kuthibitisha andika "huenda", hakuna aibu yoyote katika hilo neno.

Lakini tazama faida yake ikitumika vizuri. Mwaka 2018 mtafiti kutoka Poland, Maciej Grzelczyk, aliingia kwenye pori la akiba la Swaga Swaga huko Dodoma akakuta mwamba wenye michoro, akaupa jina Amak'hee 4, taarifa yake ikatoka 2021 kwenye jarida la akiolojia la Antiquity, na picha zake zilipitishwa kwenye DStretch ndio safu nzima ya watu na wanyama ikasomeka vizuri, pamoja na maumbo matatu ambayo vichwa vyake vinafanana na vya nyati. Hiyo ni hapahapa Tanzania, kwa programu ileile ambayo laptopu ya shule yako inaweza kuibeba. Na kingine inachosaidia ni kuona mchoro gani uko juu ya mwingine. Kondoa kwa mfano kuna michoro myekundu ambayo kwa kawaida inahesabiwa kuwa ya wawindaji na wakusanya matunda, na kuna myeupe iliyokuja baadaye ambayo inahusishwa na wakulima, na mahali pengine nyeupe imepita juu ya nyekundu. Ukitenganisha rangi kwa kompyuta huo mpangilio unaonekana, unajua ipi ilitangulia. Ila umri kwa miaka kompyuta haikupi, picha haina tarehe ndani ya rangi, hata ukiivuta vipi.

Kuhusu kutengeneza modeli ya pande tatu, ambayo hukuuliza lakini najua wanafunzi watakuuliza, inawezekana. Unapiga picha nyingi ukisogea taratibu, kila picha irudie karibu robo tatu ya iliyotangulia, programu inatafuta alama zinazofanana katika picha tofauti na kutokana na hizo inakokotoa kamera ilikuwa wapi na jiwe lina umbo gani. Programu ya Meshroom ni ya bure ila inataka kompyuta yenye kadi ya picha ya Nvidia, laptopu ya shule sidhani kama inayo. Apu za simu zipo lakini nyingi zinapeleka picha kwenye seva kwahiyo bando linaisha. Ushauri wangu kwa mwaka wa kwanza acheni modeli, unganisheni picha za ukuta kuwa picha moja pana kwa Hugin, ya bure pia, mtapata kitu kinachosomeka vizuri. Modeli inakuwa na maana kubwa pale ambapo msanii alitumia umbo la jiwe lenyewe, kama mgongo wa mnyama umekaa kwenye kibonge cha mwamba, hapo picha bapa inapoteza nusu ya kazi yake. Droni sahauni, inataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na kwa ukuta ulio kwenye kimo cha mtu haina kazi.

Sasa akili mnemba na sehemu zilizopotea. Najua wengi wanataja mchoro wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, The Night Watch, kule Amsterdam, kwamba kompyuta ilirudisha vipande vilivyopotea kwahiyo kwa nini sisi tusifanye. Ni kweli, ule mchoro wa 1642 ulikatwa pande zote nne mwaka 1715 ili utoshe ukutani, na 2021 makumbusho ya Rijksmuseum ikatumia akili mnemba kutengeneza vile vipande. Lakini walikuwa na nini? Walikuwa na nakala ndogo iliyochorwa na mchoraji mwingine, Gerrit Lundens, karne ileile kabla haujakatwa. Kompyuta ilifundishwa kutoka kwenye hiyo nakala igeuze mkono wa Lundens ufanane na mkono wa Rembrandt. Na hata hivyo vipande vilichapishwa vikapachikwa kuzunguka mchoro kwa muda halafu vikatolewa, hakuna aliyegusa kazi yenyewe.

Igeleke hatuna Lundens. Hakuna aliyenakili ule ukuta kabla haujafifia. Ukiiambia akili mnemba ikamilishe mnyama, itakamilisha kutokana na mamilioni ya picha ilizofundishwa, na humo ndani michoro ya miamba ya Tanzania ni tone, kwahiyo itakuletea mnyama wa Ulaya au wa katuni aliyevaa rangi nyekundu, na atapendeza sana, na hapo ndio ubaya wenyewe, mwanafunzi atamkumbuka huyo aliyepambwa na atasahau yule halisi. Watu waliochora hawakutuachia maandishi wala majina, mistari yao ndio neno lao lote. Kuwawekea maneno mdomoni naona ni kuwadhulumu mara ya pili baada ya mvua kuwadhulumu mara ya kwanza.

Akili mnemba ina kazi nyingine za halali, kupanga mamia ya picha, kutafuta maumbo yanayofanana kati ya ukuta mmoja na mwingine ili mtu aje aamue. Na kama wanafunzi wanatamani kukamilisha michoro, wape karatasi na rangi wakamilishe wao kwa mikono, waandike majina yao chini, hiyo ni sanaa yao na ni somo zuri mno, ikae kwenye meza yake na kichwa kinachosema ni kazi ya wanafunzi.

Kwa maonyesho yenyewe mpangilio wangu ungekuwa picha tatu pamoja kwa kila mchoro, ya kwanza ghafi kama ulivyo leo, ya pili iliyochakatwa, ya tatu mchoro wa mistari ambao wanafunzi wameuchora kwa kufuata hizo mbili, mstari mzima pale mnapokuwa na uhakika na mstari wa nukta pale mnapodhani. Msionyeshe ya pili peke yake hata siku moja, mgeni ataenda Igeleke akitegemea kuona zambarau na kijani ataona amedanganywa. Chini ya kila seti andikeni kwa Kiswahili cha kawaida, rangi hizi sio za kweli, kompyuta imezikoleza ili maumbo yaonekane. Na kwa Kihehe pia kama mna wazee wa kuwasaidia, ingekuwa vizuri mno. Chapeni kubwa kwenye yale mabango ya plastiki yanayochapwa mjini, yanastahimili vumbi na yanakunjika kuhamia shule nyingine, na kwa projekta mnaweza kutengeneza video fupi inayotoka kwenye picha ghafi kwenda iliyochakatwa taratibu na kurudi, haihitaji intaneti. Nimeona watu wanavyoitazama hiyo, watoto wanasogea mbele wenyewe.

Mambo ya ruhusa yasiachwe mwisho ingawa nayaandika mwisho. Michoro ya miamba inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kwenda kutembelea na kupiga picha za darasa ni kitu kimoja, kufanya kazi ya kurekodi ni kingine, ongeeni kwanza na Idara ya Mambo ya Kale, na pitieni Iringa Boma pale mjini mzungumze na watu wa makumbusho, pia uongozi wa mtaa na wazee wa eneo. Kuna sehemu michoro bado iko kwenye imani za watu, Mongomi wa Kolo kule Kondoa watu bado wanaenda kufanya matambiko, na hiyo ni ndani ya urithi wa dunia tangu 2006, kwahiyo usidhani kwamba jiwe la kale halina mwenyewe.

Na zimeni GPS ya kamera, ile inayoandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili. Igeleke inajulikana, lakini nina uhakika mwanafunzi mmoja atakuja kukwambia "mwalimu hata kwetu kijijini ipo". Hiyo ambayo haijarekodiwa msiposti mahali ilipo. Bado kuna watu nchini wanaamini kwamba michoro ni alama za mali alizoficha Mjerumani, wanakuja usiku na sururu wanachimba chini ya mwamba, wanaharibu mchoro na ule udongo wa chini ambao ndio wenye zana na mabaki yanayoweza kuwaambia wataalamu walioishi hapo walikuwa nani. Taarifa ya sehemu mpya peleka Mambo ya Kale, usiweke kwenye grupu.

Mkishapiga awamu ya kwanza nitumie picha chache ghafi za ukuta mmoja, kama dokumenti sio kama picha, pamoja na mlichopata nyie kwa programu na mnachodhani mmekiona. Nitazipitisha upande wangu bila kuangalia majibu yenu kwanza, halafu tulinganishe.